Kompyuta sugu au ya kawaida? Ulinganisho wa gharama na thamani kwa wanaofanya kazi nje ya ofisi

Kompyuta mpakato ya kawaida iliyo mpya, yenye uwezo wa kutosha kwa kazi za kila siku, hupatikana kwa kati ya dola 500 na 900 za Marekani. Kompyuta sugu, yaani ile iliyoundwa ivumilie kuanguka, vumbi, mvua na joto, huanzia karibu dola 2,000 kwa zile za kiwango cha kati, na zile za kiwango cha juu, kama Panasonic Toughbook 40 au Getac B360, hupita dola 3,000 kwa urahisi na huweza kufikia 5,000 au zaidi mnunuzi anapoongeza viambatisho. Aliyezoea kulinganisha kompyuta kwa prosesa, memori na ukubwa wa diski ataona hapo hasara tupu, kwa sababu kwa vipimo hivyo mashine ya dola 800 mara nyingi huishinda ile ya dola 3,500. Prosesa ya kompyuta sugu aghalabu huwa nyuma kwa kizazi kimoja au viwili, fremu yake ni nene, na uzito wake huchosha bega: Toughbook 40 ina zaidi ya kilo 3, ilhali MacBook Air ya inchi 13 ina kilo 1.24.

Lakini anayenunua kompyuta sugu hanunui kasi. Ananunua uhakika kwamba mashine itawaka kesho asubuhi mahali ambapo hakuna fundi wala duka, na uhakika huo una thamani kubwa kwa mmoja na hauna thamani yoyote kwa mwingine. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei, mnunuzi ajiulize siku moja bila kompyuta inamgharimu kiasi gani, kwa shilingi au kwa dola, si kwa usumbufu. Akiipata tarakimu hiyo, sehemu kubwa ya uamuzi itakuwa imeshafanyika.

Mwanafunzi, mhasibu na mtumishi anayekaa mezani kutwa waondolewe mapema katika hesabu hii. Hawana haja na kompyuta sugu, na muuzaji anayewashawishi vinginevyo anafuata kamisheni yake. Wanaohusika ni mpima ardhi, mchimba visima, fundi wa minara ya simu, fundi wa malori anayesoma hitilafu za injini kwa kompyuta, mtafiti wa wanyamapori, na timu ya mradi inayolala Lodwar leo na Kakuma kesho, huko Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Usugu uliopimwa na usugu wa kwenye tangazo

Panasonic ilitoa Toughbook ya kwanza mwaka 1996, na wazo la msingi halijabadilika sana tangu hapo. Kiwiliwili ni cha aloi ya magnesiamu badala ya plastiki, kila mwanya umezibwa kwa mpira, matundu ya waya yana vifuniko vinavyobanwa, na joto la prosesa hutolewa kwa njia isiyoruhusu vumbi kuifikia bodi kuu. Getac ya Taiwan, na Dell katika mashine zake za Rugged, hufuata njia hiyohiyo kwa tofauti ndogondogo.

Usugu huo hutajwa kwa vipimo viwili, na mnunuzi anapaswa kuvitofautisha. Cha kwanza ni IP, kinachotokana na kiwango cha kimataifa IEC 60529 na kuandikwa kwa tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi: 5 maana yake vumbi linaweza kupenya kidogo bila kuiharibu mashine, na 6 maana yake halipenyi kabisa. Ya pili ni ya maji: 3 ni manyunyu, 5 ni maji yanayorushwa kwa bomba, 6 ni maji yanayorushwa kwa bomba kwa nguvu, na 7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Toughbook 55 na Dell Latitude 5430 Rugged zina IP53. Toughbook 40 na Getac B360 zina IP66. Hizi mbili za mwisho mvua ya masika haizitishi, mradi vifuniko vyote vimebanwa, lakini hakuna hata moja kati ya nne hizi iliyoahidiwa kuzamishwa. Ikidondoka kutoka kwenye ngalawa, imekwenda.

Kipimo cha pili ni MIL-STD-810, ambacho ni mkusanyiko wa majaribio ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo linalotumika sasa, H, ni la mwaka 2019. Jaribio lake maarufu ni la kuangusha: mara 26, yaani nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, kutoka kimo cha sentimita 122. Hapa ndipo matangazo huanza kuteleza. Kiwango hicho si cheti, wala hakuna idara inayokagua na kupiga muhuri. Mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio anayoyataka, na katika lile la kuangusha anaruhusiwa kuzigawa mara 26 kwa mashine hadi tano, kiasi kwamba kila moja huanguka mara tano hivi. Ndiyo sababu leo kompyuta nyingi za kawaida za Asus, HP na Lenovo huuzwa zikiwa na maneno “viwango vya kijeshi” kwenye boksi. Hilo si uongo, kwani zimepitia baadhi ya majaribio na ni imara kuliko zile za bei ya chini kabisa. Hata hivyo HP yenyewe huandika kwa herufi ndogo kwamba matokeo ya majaribio hayo si dhamana ya jinsi mashine itakavyofanya kazi baadaye katika mazingira hayohayo.

Kwa maoni yangu njia fupi ya kumpima muuzaji ni kumwomba tarakimu za IP na kimo cha kuangushwa kwa sentimita. Asipokuwa na IP ya kutaja, anachouza ni kompyuta ya ofisi iliyo imara, ambayo ni kitu kizuri kwa bei yake, lakini si kompyuta sugu na haipaswi kulipiwa kama kompyuta sugu.

Namna kompyuta ya kawaida inavyokufa

Watu hufikiria kuanguka, ilhali kompyuta nyingi za uwanjani hufa polepole. Tuchukue bawaba. Katika mashine za plastiki za bei nafuu, skrubu za bawaba hushikwa na nati ndogo za shaba zilizopachikwa ndani ya vijiguzo vya plastiki. Vumbi na matumizi huikaza bawaba, na kila mfuniko unapofunguliwa nguvu yote huzivuta nati zile, mpaka siku moja plastiki inapasuka, kona ya kiwiliwili inainuka kama mdomo, na kioo kinaanza kuachana na fremu yake. Fundi hukwangua mahali palipopasuka, huchanganya gundi ya mirija miwili, hurudisha nati, na kuacha mashine imebanwa hadi kesho yake. Kazi hiyo ni ya bei ndogo na hudumu miezi kadhaa, kisha upande wa pili nao hupasuka.

Tundu la chaja hulegea kwa namna ileile, na pale lilipounganishwa moja kwa moja na bodi kuu, kulibadilisha ni kazi ya kulehemu ambayo si kila fundi anaiweza. Feni huvuta vumbi hadi likajenga tabaka kama blanketi kwenye mapezi ya kupozea, prosesa ikapunguza kasi kujiokoa, na mwenyewe akadhani kompyuta ina virusi. Kioo hupasuka ndani ya begi kwenye bodaboda bila kuanguka popote, kwa kubanwa tu na chaja iliyofungwa pamoja nacho.

Halafu kuna joto. Apple huandika wazi kwamba MacBook itumike kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, na watengenezaji wengine wa kompyuta za kawaida huweka mpaka unaokaribiana na huo. Mchana wa Lodwar huvuka nyuzi 35 mara kwa mara, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda juu zaidi ya hapo. Toughbook 40 na Getac B360 zimeandikiwa kufanya kazi hadi nyuzi 63. Kinachoumia kwanza kwenye joto ni betri, maana betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa na joto jingi huku zimejaa chaji, na mwenye kompyuta hugundua hilo baadaye sana, mashine inapozima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 30.

Kuna jambo moja linaloipunguza thamani ya kompyuta sugu leo kuliko miaka 15 iliyopita, na wauzaji hawalitaji. Zamani diski zilikuwa za kuzunguka, na tikiso moja la gari barabarani liliweza kuharibu data yote. Toughbook ilizifunga diski hizo kwenye kifuko cha jeli, na hiyo peke yake ilitosha kuhalalisha bei. Sasa karibu kila kompyuta mpya, hata ya dola 500, ina diski ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka. Mwanya kati ya hizo mbili umepungua bila kampuni za kompyuta sugu kupunguza bei.

Usugu pia hauzuii mambo manne yanayoua au kupoteza kompyuta nyingi kwetu: umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, mwizi, virusi, na hewa ya chumvi. Hili la mwisho linawahusu wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Mtwara. Jaribio la maji la IP hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na ukungu wa chumvi ni jaribio lingine ndani ya MIL-STD-810 ambalo si kila mtengenezaji hulifanya. Anayefanya kazi bandarini au kwenye boti aulize jibu la swali hilo kwa maandishi.

Kioo juani

Kama ningelazimika kutaja sababu moja tu ya kulipia kompyuta sugu, nisingetaja kuanguka. Ningetaja kioo. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Kompyuta nyingi za kawaida zina niti 250 hadi 300, MacBook Air ina 500, Toughbook 40 hufikia 1,200 na Getac B360 hufikia 1,400. Ndani ya nyumba tofauti hiyo haina maana, na mwanga wa niti 1,000 mezani ungeumiza macho. Saa sita mchana katikati ya shamba, niti 300 huonyesha uso wako mwenyewe na mawingu yaliyo nyuma yako.

Mpima ardhi aliyesimama kwenye jiwe la mpaka akiwa na kompyuta ya kawaida hujifunika koti kichwani, huinama, husoma nusu ya namba, hukata tamaa na kurudi kwenye gari. Tuseme kila kituo kinampotezea dakika 5 na kwa siku ana vituo 30: amepoteza saa mbili na nusu, na hakuna kilichoharibika. Hasara ya namna hii haiingii kwenye daftari la matengenezo, kwa hiyo taasisi nyingi haziioni, lakini ndiyo kubwa kuliko zote. Kioo cha mguso cha kompyuta sugu pia hukubali kidole kilicholowa au kilichovaa glavu, jambo ambalo ofisini ni mapambo na kwenye mnara wa simu wakati wa mvua ni lazima.

Kioo cha kusomeka juani hakikupaswa kuwa cha matajiri peke yao. Kompyuta ya XO ya mradi wa One Laptop per Child, ambayo Rwanda iligawa kwa wanafunzi zaidi ya 200,000, iligharimu karibu dola 200, haikuwa na feni, kibodi yake ilikuwa ya mpira isiyoingiza maji wala vumbi, na kioo chake kilisomeka kwa mwanga wa jua lenyewe taa ya nyuma ikiwa imezimwa. Uwezo wake ulikuwa mdogo na mradi ulikuwa na matatizo yake, lakini katika suala la kioo ilionyesha kwamba bei ya leo inatokana na udogo wa soko kuliko ugumu wa teknolojia.

Na kuna kazi ambazo hazihitaji kompyuta mpakato kabisa. Sensa ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya Agosti 2022 zilifanywa kwa vishikwambi. Kama kazi ya uwanjani ni kujaza dodoso kwenye programu za kukusanyia takwimu kama KoboToolbox au ODK, kishikwambi chenye kasha zuri la mpira kinatosha, na hoja ya kompyuta sugu inaanguka kabla haijasimama.

Kuhusu matundu niseme kwa ufupi. Vifaa vingi vya zamani vya upimaji, mitambo ya viwandani na baadhi ya vifaa vya kusoma injini za malori bado huzungumza na kompyuta kupitia tundu la siriali la pini 9. Kompyuta sugu nyingi bado huliweka. Za kawaida zililiacha zamani. Waya wa kugeuza USB kuwa siriali hugharimu dola chache na mara nyingi hufanya kazi, lakini si kila programu ya zamani huukubali.

Hesabu ya miaka sita

Tuchukue kikosi cha kuchimba visima chenye kompyuta moja uwanjani, tukipime kwa miaka 6. Tarakimu zifuatazo ni za makadirio, na kila msomaji aweke zake mahali pake.

Kwa upande wa kompyuta ya kawaida, mashine ya dola 700 inayobebwa kwenye Land Cruiser kila siku tuikadirie miaka 2 ya uhai. Kwa miaka 6 ni mashine 3, yaani dola 2,100. Tukiongeza dola 250 za kibodi, bawaba na kioo, jumla ni 2,350. Kwa upande wa kompyuta sugu, mashine ni dola 3,500, na betri mbili za dola 150 kila moja hufanya jumla iwe 3,800. Tofauti ni dola 1,450.

Sasa iingie gharama ya siku iliyopotea. Gari la kukodi, dereva, mafundi na posho zao, mtambo umesimama: tuseme dola 150 kwa siku, makadirio ambayo kwa kikosi cha kuchimba visima ni ya chini. Kompyuta sugu inajilipa ikiokoa siku 10 tu katika miaka 6, chini ya siku mbili kwa mwaka. Kwa kikosi hicho sioni hoja ya kubishania. Lakini mtu anayefanya kazi peke yake, ambaye siku ikiharibika anapoteza dola 15, atahitaji kompyuta hiyo imwokolee siku 97. Hakuna kompyuta ya kawaida iliyo mbovu kiasi hicho.

Muda wa matumizi nao hugeuza matokeo, na hapa ndipo miradi ya wafadhili hukosea zaidi. Mradi wa miaka 3 ukinunua kompyuta sugu, unalipia uimara wa miaka 6 na kutumia nusu yake. Kwa miaka 3 kompyuta za kawaida zingekuwa mbili, dola 1,400, na matengenezo 125, jumla 1,525. Kompyuta sugu na betri moja ni 3,650. Tofauti imepanda hadi 2,125, na kwa dola 150 kwa siku zinahitajika siku 15 za kuokoa ndani ya miaka mitatu. Bado inawezekana kwa kikosi cha Turkana, ila si dhahiri tena, hasa kama mradi ukiisha mashine zinaishia kabatini.

Kisha kuna fedha yenyewe. Tofauti ya bei ya kununulia, yaani 3,500 kutoa 700, ni dola 2,800, nayo inatakiwa siku ya kwanza, si kidogokidogo. Anayeikopa kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka hulipa dola 448 za riba katika mwaka wa kwanza kama deni halijaanza kupungua, kiasi kinachokaribia bei ya kompyuta nyingine ya kawaida. Kampuni kubwa yenye bajeti haisikii maumivu hayo. Mkandarasi mdogo anayesubiri malipo ya serikali huyasikia sana.

Mpinzani wa kweli ni mashine ya akiba

Ulinganisho wa kompyuta moja sugu na moja ya kawaida una kasoro, kwa sababu hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuwa na moja tu. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani, kama ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490, zote za mwaka 2018, hupatikana Nairobi kwa kati ya shilingi 25,000 na 45,000 za Kenya kutegemea hali yake. Mbili za hivyo mara nyingi hazifikii bei ya mpya moja ya kawaida, na ni imara kuliko hiyo mpya: bawaba zake ni za chuma kilichoshikwa vizuri, na kibodi ya T480 ina mifereji ya kutolea maji yakimwagika.

Mpango wake ni huu. Moja inafanya kazi, nyingine inakaa kwenye sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba, ikiwa na programu zilezile na nakala ya data inayohuishwa kila wiki. Ya kwanza ikifa, kazi inaendelea ndani ya nusu saa, na iliyokufa inasubiri safari ya mjini. Kwa kikosi kilichotajwa juu, mpango huu unazifuta karibu siku zote zilizokuwa zikiitetea kompyuta sugu, kwa gharama ya chini ya dola 700.

Yasiyofutwa ni matatu. Kioo cha akiba nacho hakisomeki juani. Mashine zote mbili zinakula vumbi moja, na kikosi kinachokaa porini miezi kadhaa kinaweza kuzipoteza zote mbili. Na pale ambapo kompyuta imefungwa ndani ya gari au kwenye mtambo unaotikisika, ikisoma vipimo bila kusimama, hata nusu saa ni nyingi mno. Yeyote asiyehusika na lolote kati ya haya matatu, mimi ningemshauri anunue mbili za mtumba na abaki na fedha yake.

Fundi yuko wapi?

Katika nchi zinakotengenezwa, thamani ya kompyuta sugu huhesabiwa pamoja na huduma. Getac, kwa mfano, huuza mashine zake za kiwango cha juu na dhamana ya miaka 3 inayofunika hata ajali katika masoko mengi. Kwetu swali la kuuliza kabla ya kulipa ni mashine itatengenezewa wapi: kama kituo cha huduma kiko Nairobi au Dar es Salaam, au kama itasafirishwa nje kwa gharama ya mnunuzi na kurudi baada ya wiki kadhaa. Jibu la pili huivunja hesabu yote iliyotangulia, kwa kuwa siku zilizookolewa kwa miaka minne zinaweza kuteketea kwa tatizo moja.

Kompyuta ya kawaida ina faida kubwa hapa. Kioo cha inchi 15.6 cha pini 30 kinaingia kwenye kompyuta nyingi za kampuni mbalimbali, na mafundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue hukibadilisha wakati mteja akinywa chai. Kioo cha niti 1,200 chenye mguso huagizwa kutoka nje kwa namba yake maalumu. Tena kompyuta sugu ikishafunguliwa na fundi asiye na mipira mipya ya kuzibia, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba bado ni IP66. Kwa nje ni ileile, kwa ndani imekuwa kompyuta ya kawaida nzito.

Kompyuta sugu ya mtumba

Baadhi ya wanunuzi hutafuta njia ya katikati kwa kununua Toughbook zilizotumika, nyingi zikiwa CF-19, CF-31 na CF-54 zilizowahi kufungwa kwenye magari ya polisi na ya huduma huko Marekani. Bei zake huvutia. Tatizo ni prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, ambayo CF-19 na CF-31 hazikupata kamwe. Kwa fundi wa malori anayetumia programu moja bila intaneti, au anayejua kuendesha Linux, mashine hizo bado zina miaka mingi mbele. Kwa anayeingia benki, barua pepe na mifumo ya serikali kwa kompyuta hiyohiyo, ni bei rahisi yenye mlango wazi kwa wadukuzi.

Zinazofaa kutafutwa ni Toughbook 55 za mwanzo na Dell Latitude 5420 na 5424 Rugged, lakini hizi za Dell ziliuzwa pia na prosesa za vizazi vya 6 na 7, kwa hiyo jina la modeli halitoshi. Isomwe namba ya prosesa yenyewe. Kila kifuniko cha tundu kifunguliwe na kufungwa, na mpira wake uguswe kwa kidole: uliokauka au kupasuka hauzuii tena vumbi. Kalamu au kidole kipitishwe kwenye kioo chote, pembe hadi pembe, kwa sababu mguso wa mashine za magari huchakaa upande mmoja. Amri ya powercfg /batteryreport katika Windows hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei anayotaja muuzaji. Na mashine itolewe nje ya duka ikiwa imewashwa, ishikwe juani dakika mbili, kwa maana baadhi ya mashine hizi ziliuzwa na kioo cha kawaida cha mwanga hafifu, na mnunuzi atakayeikagua chini ya taa ya dukani hataitambua.